Kumwuliza daktari mgonjwa ataishi miaka mingapi: ni ushahidi au ni ramli?

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mimi ni mfamasia wa Mombasa, kwa sasa nipo Uingereza namalizia shahada ya uzamili ya uchumi wa afya. Tasnifu yangu inahusu dawa ya saratani iliyojaribiwa kwa miaka miwili tu. Jaribio lilipofungwa, wagonjwa 40 kati ya kila 100 walikuwa bado hai, lakini modeli yangu ya gharama na faida ya dawa inatakiwa ihesabu miaka 40. Nimechora mistari sita ya kurefusha matokeo hayo, kila mmoja ukionyesha wangapi kati ya 100 watabaki hai mwaka hadi mwaka. Yote inakaa vizuri juu ya data ya jaribio, ila mbele inaachana vibaya. Niliwatumia madaktari bingwa watano grafu yenye mistari yote, nikamwomba kila mmoja achague ule anaoona una mantiki. Watatu walichagua mmoja, wa nne akachagua mwingine, wa tano akasema yote inamtia shaka. Nikaandika "wengi waliafiki". Msimamizi wangu amekataa. Kosa liko wapi? Na kusema kweli, kumwuliza daktari mambo ya miaka kumi ijayo kuna tofauti gani na kupiga ramli?

JIBU: Marahaba. Nianze na ramli, maana hapo ndipo umenichekesha. Mpiga ramli haulizwi anaweza kukosea kwa kiasi gani, wala hadaiwi aeleze alichokiona kabla ya kusema. Ukimwuliza daktari bila kumdai mambo hayo mawili, basi ndiyo, umepiga ramli, tena kwa kalamu na karatasi rasmi. Ukimdai, umepata kitu ambacho modeli inaweza kukitumia.

Msimamizi wako yuko sahihi. Kosa halikuwa kuwauliza madaktari, maana ni lazima uwaulize. Mwongozo ambao Nicholas Latimer wa Sheffield aliuandika mwaka 2011 kwa ajili ya NICE, ile taasisi inayoamua dawa zipi zilipiwe na huduma ya afya ya England, unasisitiza jambo hilohilo: mstari kukaa vizuri juu ya data ya jaribio hakuthibitishi kwamba sehemu yake iliyorefushwa inaaminika. Lazima utafute ushahidi wa nje, na madaktari ni sehemu ya ushahidi huo. Kosa lako ni kwamba uliwauliza habari za mistari. Daktari bingwa wa saratani hajawahi kumtibu mstari. Anawajua watu: nani alirudi kliniki mwaka wa tatu, nani ugonjwa ulimrudia, nani alikufa kwa moyo wakati saratani yenyewe imeshatulia.

Nikuonyeshe kwa hesabu, nikitumia hiyo 40 yako. Chukua mistari miwili tu kati ya sita. Wa kwanza ni wa eksponenshali, ambao unachukulia kwamba kasi ya vifo haibadiliki: kila mwaka inakufa sehemu ileile ya waliobaki. Wa pili ni wa log-logistiki, ambao unaruhusu kasi hiyo ipungue kadiri miaka inavyokwenda. Wa eksponenshali ukipita kwenye 40 mwishoni mwa mwaka wa 2, unakuwa umepita kwenye 63 mwaka wa 1. Log-logistiki tuipitishe kwenye 64 na 40. Kwa macho huwezi kuitofautisha, na vipimo vya takwimu navyo vitababaika. Sasa isogeze mbele. Mwaka wa 5, eksponenshali inabakiza watu 10 kati ya 100, log-logistiki 15. Mwaka wa 10, ya kwanza inabakiza mmoja, ya pili 6. Ukijumlisha eneo lote lililo chini ya kila mstari hadi mwaka wa 40, wastani wa uhai ni kama miaka 2.2 kwa mmoja na 3.3 kwa mwingine.

Tofauti ya mwaka mmoja na ushei inaonekana ndogo mpaka uitie bei. Tuseme tiba ya zamani inampa mgonjwa wastani wa miaka 1.5 na dawa mpya inaongeza gharama ya pauni 30,000. Kwa mstari wa kwanza, kila mwaka wa uhai unaoongezeka unagharimu karibu pauni 43,000. Kwa wa pili, karibu 17,000. Kwa miaka mingi kizingiti cha kawaida cha NICE kilikuwa kati ya pauni 20,000 na 30,000 kwa mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili. Hata kabla hujakata chochote kwa ajili ya ubora wa maisha, mstari mmoja unasema dawa ilipiwe na mwingine unasema isilipiwe. Data ya jaribio ni ileile moja.

Sasa angalia swali gani lingeitenganisha. Usiulize "mstari upi?" Uliza hivi: "Chukua wagonjwa 100 wa aina hii ambao wamefika mwisho wa mwaka wa 2 wakiwa hai. Unadhani wangapi watafika mwaka wa 5?" Eksponenshali inajibu 25, log-logistiki inajibu 38 au 39. Halafu uliza: "Na kati ya 100 waliofika mwaka wa 5, wangapi watafika wa 10?" Hapo eksponenshali inasema 10, log-logistiki inasema 42. Hilo ndilo swali lako la dhahabu. Daktari aliyekaa kliniki miaka ishirini anaweza asijue kama 15 ni sahihi kuliko 10, lakini anajua kwa uhakika mkubwa kama mgonjwa aliyemaliza miaka mitano bado yuko kwenye hatari ileile ya siku ya kwanza au sasa anakuja kliniki kusalimia tu. Akikuambia "akifika miaka mitano, mimi huacha kumwogopea", ameshaitupa eksponenshali kapuni bila kuijua kwa jina.

Hiyo ndiyo namna ya swali. Utaratibu wa kuliuliza nao una kanuni zake, na hapa Sheffield wanastahili sifa tena: Jeremy Oakley na Anthony O'Hagan walitengeneza mfumo unaoitwa SHELF, wenye fomu zake na programu ya takwimu ya R, na unapatikana bure. Mwaka 2021 watafiti wa York nao walitoa utaratibu wa kukusanya maoni ya wataalamu mahsusi kwa maamuzi ya afya. Soma yote mawili. Mimi nitakuambia yale ambayo wanafunzi wangu huyaruka.

Kwanza, usianze na namba ya katikati. Mtu akishatamka "nadhani 30", namba hiyo inamshika mguu; mipaka atakayokupa baadaye itakuwa 25 na 35, hata kama moyoni hajui lolote. Amos Tversky na Daniel Kahneman walilieleza jambo hili mwaka 1974. Kwa hiyo anza na mipaka: "Ni idadi gani ambayo ikishuka chini yake utashangaa sana?" Kisha ya juu. Kisha ndipo umwombe ya katikati, ile ambayo anaona ukweli una nafasi sawa ya kuwa juu yake au chini yake. Usimruhusu aandike sifuri wala mia. Akiandika sifuri, amefunga mlango ambao hata data ya miaka ishirini ijayo haitaweza kuufungua.

Kama daktari hapendi kuulizwa uwezekano kwa maneno, mpe kete. Vitabu vinaiita njia ya ruleti, lakini wewe mtu wa pwani fikiria kete za bao. Chora safu: 0 hadi 10, 10 hadi 20, na kuendelea. Mpe kete 20, kila moja ikiwa na uzito wa asilimia 5, mwambie azipange kwenye safu kulingana na anavyoamini. Akizirundika zote kwenye safu moja, mwulize: "Una hakika kiasi hicho?" Mara nyingi utaona mkono unarudi kuhamisha kete mbili tatu. Mkono huo ukirudi, ujue ndipo anaanza kukupa anachokiamini.

Pili, wafanyie mazoezi kidogo. Waulize jambo lisilohusu tiba, kwa mfano urefu wa Mlima Kenya, na umwombe kila mmoja akupe mipaka ambayo ana hakika nayo kwa asilimia 90. Kilimanjaro wengi wameikariri, Mlima Kenya hapana. Ni mita 5,199, na usishangae mipaka ya wengi ikiikosa. Ni mzaha wa dakika tano, lakini baada yake watu hupanua mipaka yao bila kuambiwa.

Tatu, wape wote karatasi moja ya ushahidi kabla hawajajibu: matokeo ya jaribio, wagonjwa wa tiba ya zamani waliishi muda gani kwa mujibu wa rejesta, na vifo vya watu wa kawaida wa umri huohuo. Hili la mwisho usilidharau. Mistari mingi mirefu, hasa hiyo log-logistiki, hufika mahali mgonjwa wa saratani mwenye miaka 85 anaonekana kuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko jirani yake mzima. Hapo hata huhitaji daktari akuambie kuna kosa. Weka kwenye modeli sharti kwamba kasi ya vifo isishuke chini ya ile ya jedwali la uhai la nchi.

Je, madaktari wanajua kweli? Hapa lazima niwe mkweli, maana ushahidi si mtamu. Mwaka 2000 Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont walichapisha kwenye jarida la BMJ utafiti wa madaktari 343 wa Chicago, waliotabiri uhai wa wagonjwa 468 waliokuwa wanaingia kwenye huduma ya hospisi, yaani huduma ya walio karibu na mwisho wa maisha. Utabiri uliokaribia ukweli ulikuwa asilimia 20 tu. Asilimia 63 ya utabiri ilitaja muda mrefu kuliko uliotokea, na kwa jumla makadirio yao yalizidi uhai halisi mara 5.3. Linaloniuma zaidi ni hili: kadiri daktari alivyomfahamu mgonjwa kwa muda mrefu, ndivyo utabiri wake ulivyozidi kupotea. Mapenzi yanapofusha.

Lakini soma vizuri walichoulizwa. Waliulizwa kuhusu mgonjwa mmoja, mwenye jina na uso. Wewe unauliza kuhusu watu 100, na hilo ni swali jingine. Ndiyo maana usimwulize kamwe "mgonjwa wako ataishi muda gani?" Uliza kundi, uliza idadi, na umtake akumbuke pia wale ambao hawakurudi. Kliniki ya mwaka wa tano imejaa walio hai. Waliokufa mwezi wa nane tangu tiba ianze hawana miadi. Daktari asipokumbushwa, anahesabu viti vilivyokaliwa.

Kuna udhaifu mwingine ambao kete hazitibu. Dawa ikiwa mpya ya aina yake, uzoefu wa daktari ni wa dawa nyingine. Kumbuka ipilimumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili, kwa melanoma (saratani ya ngozi) iliyosambaa. Kabla yake, wagonjwa wengi walikufa ndani ya mwaka mmoja, na daktari aliyezoea dakabazini, dawa ya zamani, alikuwa na kila sababu ya kukuambia kwamba mwaka wa 5 habaki mtu wa kutajwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010, lenye wagonjwa 676, lilionyesha mediani ya uhai (muda ambao nusu ya wagonjwa waliufikia wakiwa hai) ya miezi 10.0 dhidi ya 6.4. Tofauti ya miezi mitatu na nusu, mtu angesema dawa ya kawaida tu. Ila mwaka 2015 data za wagonjwa 1,861 zilipounganishwa, ikaonekana kwamba kuanzia kama mwaka wa 3 mstari unalala: karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa hai wakati huo, na mkia huo uliendelea hadi mwaka wa 10. Baadaye dawa hiyo ilipounganishwa na nivolumabu, jaribio la CheckMate 067 liliripoti mwaka 2024 kwamba asilimia 43 walikuwa hai baada ya miaka 10. Faida kubwa ilikuwa mkiani, mahali ambapo jaribio la mwanzo lilikuwa halijafika na kumbukumbu ya daktari ilikuwa haijawahi kwenda.

Kwa hiyo pamoja na namba, daima andika sababu. "Nasema 20 kwa sababu kinga ya mwili ikishaamka huendelea yenyewe" ni jibu tofauti na "nasema 20 kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwa dawa ya zamani", ingawa namba ni moja. La kwanza linaweza kupimwa dhidi ya biolojia ya dawa yako. La pili linakuambia tu kwamba umeuliza historia.

Mfano wa kazi iliyofanywa kwa uangalifu upo kwenye tiba ya seli za kinga kwa watoto wenye lukemia sugu. Jaribio la ELIANA la tisagenlecleucel lilitoa matokeo mwaka 2018: wagonjwa 75 walipewa tiba, na kwa mwaka mmoja makadirio ya uhai yalikuwa asilimia 76. Marekani bei ilitangazwa dola 475,000 kwa dozi moja. Hebu fikiria uzito wa kuurefusha mstari huo: mtoto wa miaka 11 akipona ana miaka 60 mbele yake, na data ni ya muda mfupi sana. Mwaka 2019 ukachapishwa utafiti uliochukua makadirio ya madaktari bingwa kuhusu uhai wa miaka iliyofuata, pamoja na kiasi chao cha mashaka, na kuyaingiza ndani ya hesabu pamoja na data ya jaribio. Baadaye ufuatiliaji wa ELIANA ulionyesha asilimia 63 wakiwa hai mwaka wa 3. Ndivyo nawe ufanye: kadirio la mwaka wa 5 na la 10 liingie kwenye modeli kama data yenye mtawanyo wake, kwa njia ya Bayes, ile ya takwimu inayounganisha maoni na data, na mistari yote sita ilazimishwe kupita karibu nalo. Mstari unaokataa kupita hapo umejichuja wenyewe. Hutahitaji kura.

Tukirudi kwenye kura yako ya watatu kwa mmoja: itupe. Ukiwauliza upya utapata namba, na zitatofautiana, na utashawishika kuchukua wastani. Tuseme kwa mwaka wa 10 wanakupa 8, 10, 12, 15 na 40. Wastani ni 17, namba ambayo hakuna hata mmoja aliyeisema. Kabla ya kuukokotoa, mpigie simu yule wa 40. Pengine alikuwa anawafikiria wagonjwa ambao baada ya dawa hupata upasuaji au upandikizaji, na wenzake hawakuwafikiria. Hapo hawakutofautiana kimaoni, walikuwa wanajibu maswali mawili. Pengine naye ndiye pekee aliyetumia dawa hiyo kwa wingi. Na pengine analipwa na mtengenezaji, jambo ambalo fomu yako ilipaswa kuliuliza tangu mwanzo.

Mkiweza kukutana, hata kwa video, kila mmoja aandike majibu yake peke yake kwanza, ndipo myajadili. SHELF huwaomba mwishoni wafikirie mtu wa busara asiye na upande aliyesikiliza mjadala wote: angeamini nini? Swali hilo linasaidia, kwa kuwa halimtaki mtu akiri ameshindwa. Niliwahi kuendesha kikao nilichomwachia profesa aongee kwanza kwa heshima yake. Alisema "thelathini". Wote waliobaki, wanafunzi wake wa zamani, wakaandika 28, 30, 30 na 32. Nilirudi ofisini na karatasi tano zenye maoni ya mtu mmoja.

Hilo litakukuta zaidi ukiirudisha kazi hii nyumbani, ambako aliyeamkiwa shikamoo hapingwi kikaoni. Na huko kuna jambo la pili. Hapo Uingereza rejesta zinajua mgonjwa amekufa lini. Kwetu, anayezidiwa mara nyingi hurudi kijijini kwao, na hospitalini faili lake linaandikwa tu kwamba hakurudi. Daktari wa Mombasa au Dar es Salaam akikuambia "wengi hawarudi baada ya mwaka", usiandike kwamba wamekufa, wala usiandike kwamba wako hai. Mwulize yeye anadhani wangapi kati ya hao 100 waliopotea wako hai, tena kwa mipaka, kama swali linalojitegemea. Rejesta za saratani zinazoandika wagonjwa wote wa eneo, kama ile ya Kampala iliyoanza miaka ya 1950, zitakusaidia kulipima kadirio lake. Na usichukue kadirio la daktari wa London ukaliweka kwa mgonjwa anayefika kliniki ugonjwa ukiwa hatua ya nne.

Kwa tasnifu yako, siku kumi zinatosha kurekebisha. Andika maswali matatu: kutoka mwaka wa 2 hadi wa 5, kutoka wa 5 hadi wa 10, na sababu. Ambatanisha karatasi ya ushahidi, ondoa grafu kabisa. Mistari utawaonyesha baada ya wao kujibu, ili waseme kama majibu yao yamechorwa sawasawa. Katika kiambatisho weka majibu ghafi ya kila mmoja bila jina lake, pamoja na maneno halisi ya maswali. Na katika kuwapigia simu, anza na yule wa tano aliyesema mistari yote inamtia shaka. Mwulize yeye angeuchora vipi.